Hadithi za Waaborijini zimerudi kwa watoto. Lakini ni watoto wa nani?

Katika vijiji vya jangwani katikati ya Australia, bibi huketi chini na wajukuu wake, husawazisha mchanga kwa kiganja, kisha huanza kuchora huku akisimulia. Alama yenye umbo la herufi U ni mtu aliyeketi. Duara ndani ya duara ni kambi, au chemchemi. Mkono mmoja unachora, mwingine unagongagonga ardhi kwa kijiti au kipande cha waya, na mlio wake unakwenda sambamba na maneno. Tukio likiisha, bibi anafuta mchanga na kuanza upya, kama mtu anayefungua ukurasa. Wapitjantjatjara, mojawapo ya jamii za huko, huuita usimulizi huu milpatjunanyi. Wasichana wadogo huanza kuuiga mapema, wakisimuliana mambo ya nyumbani: nani kampiga nani, nani kaleta nyama.

Kwa karne nyingi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yao ya chekechea. Siku hizi hadithi za Waaborijini zinasikika mbali zaidi ya hapo. Ziko kwenye katuni za televisheni, kwenye majukwaa ya Sydney, kwenye vitabu vya picha, na katika vituo vya malezi ambako karibu watoto wote ni wa familia zenye asili ya Ulaya na Asia. Ukitazama kwa mbali utasema mambo yanakwenda vizuri. Sisi tunaona pana swali ambalo halijajibiwa: hadithi hizi zinasimuliwa kwa faida ya mtoto yupi?

Watu wachache, lugha nyingi

Waaborijini ndio wenyeji wa bara la Australia, na wameishi humo kwa zaidi ya miaka 50,000. Kaskazini, kwenye mlango wa bahari kati ya Australia na Papua New Guinea, wapo pia wenyeji wa visiwa vya Torres Strait. Hao ni watu tofauti wenye mila zao, ingawa serikali huwahesabu pamoja. Kwa makadirio ya mwaka 2021, jumla yao ilikuwa karibu watu 984,000, yaani hawafiki wanne katika kila watu 100 wa nchi hiyo. Wengi wao hawaishi jangwani, kama picha za watalii zinavyotufanya tudhani, bali katika miji na vitongoji vya majimbo ya New South Wales na Queensland.

Waingereza walipoanzisha koloni lao Sydney mwaka 1788, bara hilo lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Ripoti ya taifa kuhusu lugha za wenyeji iliyotolewa mwaka 2020 ilizikuta 123 zikitumika kwa namna moja au nyingine, baadhi zikiwa zimebaki kwa wazee wachache tu, nyingine zikiwa zinafufuliwa. Zile ambazo watoto bado wanazipata nyumbani tangu wachanga zilikuwa 12. Hiyo namba ya mwisho tunaomba msomaji aishike, maana ndiyo inayopima kama hadithi itaendelea kuishi au itabaki kuwa onyesho.

Hadithi yenye wenyewe

Wawarlpiri wa jangwa la Tanami husema Jukurrpa. Wapitjantjatjara husema Tjukurpa. Wazungu walilitafsiri jambo hilo kwa neno lenye maana ya ndoto, na tafsiri hiyo imewapotosha wengi, kwani hapa hapazungumzwi mambo ya usingizini. Linalozungumzwa ni jinsi mababu wa mwanzo, wengine wakiwa na sura ya wanyama, walivyopita juu ya nchi wakifanya milima, mito na visima, na wakaacha sheria: nani aoe wapi, nani ale nini, maji yako wapi, mahali gani pasikanyagwe. Kwa hiyo hadithi moja ni ramani, ni katiba, na ni somo la mazingira kwa wakati mmoja.

Chukua ile ya Tiddalik, inayotokana na Wagunaikurnai wa kusini-mashariki, katika jimbo la Victoria. Chura mkubwa aliamka na kiu, akanywa mito na mabwawa yote mpaka nchi ikakauka. Wanyama wakakaa baraza, wakakata shauri kwamba dawa ni kumchekesha. Mmoja mmoja wakajaribu, wakashindwa. Mwishowe akaja mkunga, akacheza huku akijinyonganyonga, chura akaangua kicheko na maji yote yakamwagika. Msikilizaji aliyelelewa na hadithi za sungura na kisima cha wanyama ataitambua ladha yake mara moja. Watoto huipenda kwa sababu inachezeka: mmoja anakuwa chura aliyevimba mashavu, wengine wanashindana kumchekesha. Na ndani yake mna elimu. Katika sehemu kavu za Australia wapo vyura wa kweli wanaojaza maji mwilini na kujizika udongoni kungoja mvua, na wenyeji walijua kuwafukua wakati wa kiangazi ili wapate maji ya kunywa.

Kumbukumbu hizi zinaweza kudumu kuliko tunavyofikiri. Mwanajiografia Patrick Nunn na mwanaisimu Nicholas Reid walikusanya masimulizi kutoka sehemu 21 za pwani ya Australia, yote yakieleza jinsi bahari ilivyopanda na kumeza nchi kavu ambako watu waliwahi kuwinda. Wataalamu wa miamba wanasema bahari ilifikia kimo chake cha sasa yapata miaka 7,000 iliyopita. Kama watafiti hao wamesoma sawa, basi habari hizo zimepita mdomo kwa mdomo kwa vizazi visivyopungua 250, bila kalamu.

Inawezekanaje? Jibu moja ni kwamba hadithi haiachwi holela. Kwa Wawarlpiri, hadithi ya mahali fulani ina wenye nayo kupitia upande wa baba, wanaoitwa kirda, na wasimamizi kupitia upande wa mama, wanaoitwa kurdungurlu. Kirda wanacheza na kuimba. Kurdungurlu wanaangalia kama hatua imerukwa au jina la kisima limekosewa, na ni kazi yao kusahihisha. Zipo hadithi za wanaume peke yao na za wanawake peke yao. Mtoto mdogo hupewa sehemu ya juu tu, na anaongezewa kadiri anavyokua. Anayechukua hadithi ya ukoo mwingine na kuisimulia bila ruhusa anahesabiwa kama aliyevuna shamba la mwenziwe.

Mnyororo uliokatwa

Kuanzia mwaka 1910 hivi hadi miaka ya 1970, serikali na misheni ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao, hasa wale wenye mzazi mmoja mzungu, zikawaweka katika mabweni au kuwagawa kwa familia za wazungu. Wengi walikatazwa kusema lugha yao. Uchunguzi wa taifa ulitoa taarifa yake mwaka 1997, na tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Msikilizaji aliyesoma katika shule iliyomvisha mwanafunzi kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama anaelewa nusu ya jambo hili. Nusu nyingine ni kwamba yule wa kibao alirudi nyumbani jioni, kwa bibi yake. Hawa hawakurudi. Bibi alibaki na hadithi zake na hakuwa na wa kumpa.

Na bado watoto wanaondolewa. Siku hizi ni idara za ustawi wa jamii, na sababu zinazotolewa ni ugomvi wa nyumbani, ulevi au kutotunzwa, lakini mtoto wa wenyeji ana uwezekano wa karibu mara 11 zaidi ya mtoto mwingine kuishi nje ya familia yake. Mashirika ya Waaborijini yanadai kwamba angalau awekwe kwa shangazi au bibi, asiende kwa wageni. Pamoja na chakula na usalama, wanataja hadithi na lugha kama haki ya mtoto huyo, na kwa historia tuliyoieleza hapo juu hatuoni kwamba wanatia chumvi.

Ngoma ya mawingu

Lajamanu ni kijiji cha watu mamia kadhaa pembezoni mwa jangwa la Tanami. Serikali ndiyo iliyokiunda katikati ya karne iliyopita kwa kuwahamishia huko Wawarlpiri kutoka nchi yao, na baadhi yao walirudi kwa miguu kupitia jangwani. Tangu mwaka 2005 kijiji hicho kimekuwa na tamasha linaloitwa Milpirri, ambalo hufanyika karibu kila baada ya miaka miwili. Neno hilo ni la wingu la radi, lile linalopanda pale hewa ya moto inapokutana na ya baridi. Wanta Jampijinpa Patrick, Mwarlpiri aliyeliasisi pamoja na kikundi cha dansi cha Tracks kutoka Darwin, alilichagua kwa makusudi: mila ya wazee na maisha ya shule ya kizungu zinagongana, na mgongano huo unaweza kuleta mvua.

Usiku wa tamasha wazee hucheza ngoma zao za asili wakiwa wamejichora mwili. Watoto wa shule nao hucheza dansi za kisasa, zenye hip-hop ndani yake, juu ya hadithi ileile. Wamepangwa kwa rangi nne zinazofuata makundi ya ukoo, ili hata mtoto wa miaka mitano ajue anasimama na nani na kwa nini. Mazoezi hufanyika shuleni, wazee wakiwa walimu. Jambo tunaloliona la maana hapa ni kwamba watazamaji wakuu ni wanakijiji wenyewe. Mgeni anakaribishwa, ila ngoma haikutungwa kwa ajili yake.

Yuendumu, kijiji kingine cha Wawarlpiri, kilitangulia kwa njia ya video. Karibu mwaka 1990 kituo cha utangazaji cha wanakijiji kilianza kutengeneza vipindi vifupi vya watoto kwa Kiwarlpiri vilivyoitwa Manyu Wana, watoto wenyewe wakiwa waigizaji. Sisi tulio kwenye kazi ya redio tunakiri tunaupenda mfano huo kuliko mingine, na huenda tunaupendelea.

Kwa kiwango cha taifa, katuni iliyopiga hatua kubwa ni Little J & Big Cuz, iliyoanza mwaka 2017 kwenye NITV, televisheni ya wenyeji. Little J ana miaka mitano, anaishi na bibi na binamu yake mkubwa, na anajifunza kuzoea shule. Sauti zake ni za waigizaji maarufu wa Kiaborijini, Miranda Tapsell na Deborah Mailman. Vipindi vyake kadhaa vimetiwa sauti kwa lugha za wenyeji, ikiwemo palawa kani ya Tasmania, lugha inayojengwa upya kutokana na maneno yaliyobaki midomoni na kwenye maandishi ya wakoloni. Nao Bangarra, kundi la dansi la Sydney lililoanzishwa mwaka 1989, miaka michache iliyopita walitoa onyesho lao la kwanza lililotungwa kwa ajili ya watoto, Waru, kuhusu kasa mdogo wa Torres Strait.

Watoto wawili, kazi mbili

Hapa ndipo tunapoona mkanganyiko. Yupo mtoto wa Kiaborijini anayepaswa kurithi. Yupo pia mtoto wa jirani, ambaye si Mwaborijini, anayepaswa kujua anaishi kwenye nchi ya nani. Wote wawili wanahitaji hadithi, lakini hawahitaji kitu kimoja. Wa kwanza anahitaji lugha, jina la mahali, ukoo, na mzee wa kumsahihisha kwa miaka mingi. Wa pili anahitaji heshima na maarifa, na anaweza kuyapata kwa mkalimani.

Mwongozo wa taifa wa malezi na elimu ya awali, katika toleo lake jipya linalotumika tangu mwaka 2024, unataka kila kituo kiingize mitazamo ya wenyeji katika kazi za kila siku. Ni agizo zuri. Ila walimu wengi si Waaborijini, na katika mji mkubwa mwalimu anaweza asimjue hata mzee mmoja wa eneo lake. Linalofanyika mara nyingi ni rahisi kutabiri: watoto wanapewa rangi na kuambiwa wapake nukta. Uchoraji wa nukta juu ya turubai ulianza Papunya, kijiji cha jangwani, mwaka 1971. Kuufundisha Melbourne kama utamaduni wa Waaborijini wote ni sawa na kumvika mtoto wa Lamu lubega la Kimasai ukamwambia haya ndiyo mavazi ya kwao.

Kutouliza wenyewe kunaweza kumponza hata mtu mkubwa. Mwaka 2024 Jamie Oliver, mpishi maarufu wa Uingereza, alitoa kitabu cha watoto chenye sehemu kuhusu msichana wa Kiaborijini anayeibwa kutoka nyumba ya malezi karibu na Alice Springs. Mashirika ya wenyeji yalipinga: kisa cha mtoto kuibwa si mzaha kwa watu ambao watoto wao waliibwa kweli, na maneno aliyopewa msichana huyo yalikuwa ya Kigamilaraay, lugha ya mbali kabisa na Alice Springs. Mchapishaji alikiri kwamba Waaborijini hawakuulizwa, mwandishi akaomba radhi, na kitabu kikaondolewa madukani duniani kote. Kirda mmoja na kurdungurlu mmoja wangeliona kosa hilo asubuhi moja.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 14 Oktoba 2023, Waaustralia walipiga kura ya maoni kuhusu kuunda chombo cha wenyeji cha kulishauri bunge. Karibu asilimia 60 walikataa, na majimbo yote sita yalikataa. Walikuwapo Waaborijini waliopinga pia, kwa sababu zao mbalimbali, kwa hiyo hatutaki kuigeuza kura ile kuwa kipimo cha upendo na chuki. Lakini ilionyesha kwamba mtu anaweza kuifurahia hadithi ya jirani yake bila kumpa kiti kwenye baraza.

Saa nne za asubuhi

Elimu ya lugha mbili ilianza katika jimbo la kaskazini, Northern Territory, mwaka 1973. Mtoto alianza kusoma kwa lugha ya nyumbani, kisha Kiingereza kikaongezwa taratibu. Mwishoni mwa mwaka 2008 serikali ya huko iliagiza saa nne za kwanza za kila siku ya masomo ziwe za Kiingereza. Saa hizo ndizo za asubuhi, akili ikiwa changa na jua likiwa bado dogo. Lugha ya bibi ikabaki na kipande cha alasiri. Agizo hilo baadaye lililegezwa, lakini baadhi ya shule zilikuwa zimeshaachana na mpango wao.

Wawarlpiri walikuwa na akiba ambayo jamii nyingi hazina. Mwaka 2005 walianzisha mfuko wa elimu unaotokana na fedha wanazolipwa kwa dhahabu inayochimbwa kwenye nchi yao. Mfuko huo hulipa wazee wanaofundisha, vitabu vya Kiwarlpiri, na safari za watoto kwenda porini kwenye visima vinavyotajwa katika hadithi. Mzee kulipwa kama mwalimu linaonekana jambo dogo. Kwa maoni yetu ndilo linalotofautisha mpango unaodumu na sherehe ya siku moja, ambayo mzee huitwa, hupigwa picha, hupewa chai na kurudishwa kwake.

Huko pwani ya New South Wales, Wagumbaynggirr hawana mgodi wala hawakuwa tena na watoto wanaoikuta lugha nyumbani. Wamekuwa wakiifufua lugha yao tangu miaka ya 1980 kwa kutumia kumbukumbu za wazee na kanda za zamani, na mwaka 2022 walifungua shule yao ya lugha mbili katika mji wa Coffs Harbour, ya kwanza ya aina hiyo katika jimbo hilo. Hawa ndio wanaofanana na Waaborijini wengi wa leo: watu wa mjini, wanaojifunza upya pamoja na watoto wao.

Serikali kuu na majimbo yamejiwekea malengo hadi mwaka 2031. Moja linahusu watoto wanaoanza shule: asilimia 55 ya watoto wa wenyeji wawe wamekua vizuri kiafya, kihisia na kiakili. Mwaka 2018 walikuwa asilimia 35.2, mwaka 2021 wakawa 34.3, na mwaka 2024 wakawa 33.9. Namba inarudi nyuma wakati uandikishaji katika shule za awali umepanda. Hatudai kwamba hadithi peke yake ingeigeuza. Nyumba zilizojaa watu kupita kiasi, magonjwa ya masikio na umbali wa hospitali vina sehemu kubwa. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kumfikisha mtoto mlangoni ni jambo moja, na anachokikuta ndani ni jingine.

Lengo la lugha nalo lipo kwenye orodha hiyohiyo. Linasema tu kwamba kufikia mwaka 2031 pawe na ongezeko endelevu la idadi na nguvu za lugha zinazozungumzwa. Halikuwekewa asilimia wala idadi. Lugha zinazorithiwa na watoto wachanga zikibaki 12 huku maonyesho na katuni zikiongezeka, itakuwa juu ya maofisa kuamua kama hilo nalo ni ongezeko.